Nilimchora baba mkwe Kimarekani na Kijapani, ukumbi ukaona zote mbili

Wakuu, salama humu ndani?

Hiki kisa sijakiongeza chumvi. Iliyomo iliingia yenyewe.

Nipo Songea, Mjimwema. Nina kibanda cha kutengeneza kadi za harusi na mabango, na pembeni nachora katuni kwa laptop. Laptop yenyewe ikiwaka inavuma kama mashine ya kusaga.

Kuna binti anaitwa Devota, wa Mshangano. Mshenga wangu alishaenda kwao, baba yake, Mzee Komba, akajibu neno moja tu: "Tumesikia."

Mnaojua lugha ya wazee mnaelewa. Hiyo siyo ndiyo wala siyo hapana. Mahindi yakapandwa, yakavunwa, mzee bado kasikia tu.

Sasa dada yake Devota akawa na send-off. Nikaombwa nitengeneze katuni fupi ya familia, irushwe ukumbini. Nikasema ndiyo hapa. Mzee akiipenda, posa yangu inajibiwa.

Nikaanza na staili ya Kimarekani, maana ndiyo nimekulia nayo. Zile katuni zao za kuchekesha, kila kitu kinatembea. Mtu akitaka kuruka anabonyea kwanza kama donge la chapati, halafu anavutika. Sauti wanarekodi mwanzo, kisha mdomo unachorwa kuifuata neno kwa neno. Na kila kitu kinakuzwa: pua, masikio, tumbo.

Mzee Komba ana tumbo, wakuu. Nililitendea haki. Akicheka linapanda mpaka kidevuni, linashuka, mwenyewe akishanyamaza lenyewe bado linaendelea.

Devota alipoona alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanigeukia.

"Baba akiona hii mimi nitazeekea Mshangano. Futa."

Nikahamia Kijapani. Wale wana akili ya kubana matumizi. Picha chache, mdomo una maumbo matatu tu: wazi, nusu, umefungwa. Sauti unapachika baadaye. Mhusika anasimama tuli, kamera ndiyo inatembea juu ya picha. Upepo unacheza na nywele, jicho kubwa linalengwalengwa na machozi, basi, watu wanalia. Kwa laptop yangu hiyo ilikuwa neema.

Tatizo, mimi nilikuwa nimejifunza sura za vijana tu. Mzee akatoka na kidevu chembamba, macho kama sahani, hana mkunjo hata wa dawa, na nywele zinapepea. Wakati huo mwenyewe ana upara tangu sijazaliwa.

Siku ikafika, ukumbi Bombambili. Nikampa DJ flash.

Katuni ikaanza. Bwana harusi anainama, "Shikamoo baba." Kijana mwenye nywele anaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Shangazi yake Devota akauliza kwa sauti, "Mbona bwana harusi anamwamkia wa rika lake?"

Nikajipa moyo, maana kipande changu bora kilikuwa kinafuata: mzee kasimama shambani, anamwazia binti anayeondoka. Katulia kabisa. Chozi halidondoki. Hapo nilijivunia kweli.

MC akadaka mic: "Jamani imeganda! DJ, fanya maarifa!"

Nikapiga kelele kutoka nyuma, "Haijaganda! Anafikiri!"

Nani asikie? DJ akabonyeza next.

Wakuu, ile ya tumbo sikuwa nimeifuta.

Tumbo likapanda. Likashuka. Likaendelea. Watu waligongana vichwa kwa kucheka, na shangazi akawa anapiga meza, "Ndiye! Kaka yangu ndiye huyo!" Mimi nilishaanza kutafuta mlango.

Mzee Komba akanyanyuka taratibu, akaomba mic.

"Yule kijana wa kwanza simjui. Huyu wa pili namjua, nalala naye kila siku. Nani kachora?"

Devota akaninyooshea kidole. Ndiyo, Devota huyu huyu.

"Njoo hapa. Mtani wangu akinicheka tumbo mbele za watu hadaiwi kitu. Anamaliza soda yake, anaenda zake. Mkwe akithubutu, analipa faini. Sasa wewe hapa ni nani?"

Nikisema mtani, natoka salama, ila natoka bila Devota.

"Mkwe, baba."

Mzee akaniangalia muda mrefu, Kijapani kabisa, hakuna kinachotembea.

"Basi mbuzi. Na uje naye pamoja na wazazi wako, tulijibu lile tulilosikia."

Vigelegele vilivyopigwa pale, bibi harusi alisahaulika kidogo.

Nilichojifunza: mtu akichorwa kwa kukuzwa, watu wanamtambua hata gizani. Akichorwa kwa kupendezeshwa, anaweza asitambuliwe hata na dada yake. Na faili ukiambiwa futa, futa.

Team Marekani na team Japani, njooni mtetee upande wenu, nipo nasoma.

Ila kabla hamjaanza kubishana: Mzee Komba, aliyesema kijana wa kwanza hamjui, kamweka WhatsApp profile mpaka leo. Na nywele zake zote.