Koti la Mdogo Wake

Mama yangu alipokuja kuishi nasi Beltsville, huku Marekani, nilimfanya mwanafunzi wangu wa kwanza. Nafundisha riwaya katika chuo kimoja mjini, na kabla ya kila kipindi nilikuwa nikimsimulia kitabu kwa Kiswahili huku yeye akichambua mchele mezani. Mchele wa huku hauna hata punje ya jiwe, nimemwambia mara ngapi! Anauchambua tu.

Muhula ule tulikuwa na mwandishi mmoja Mmarekani ninayempenda kupita kiasi. Mashujaa wake ni watu wasio na makuu: mkulima, dobi, mjane. Na jambo zito mwandishi huyu halisemi. Analiruka, kisha anakuonyesha kitu kidogo kilichobaki. Wanafunzi wangu hulalamika: shujaa gani huyu, hapigani, hasemi? Huniudhi kweli. Mama hakulalamika. Nilipomsimulia ndugu wawili wanaoagana mtoni siku ya mafuriko, na sura inayofuata mkubwa anakamua ng'ombe amevaa koti la mdogo wake, aliacha mchele.

"Amekufa yule mdogo."

"Kitabu hakijasema, mama."

"Koti limesema. Huyo mwandishi wako kalelewa vizuri. Msiba hautupiwi mtu usoni."

Kwetu hautupiwi kweli. Mfiwa huambiwa mgonjwa kazidiwa. Watu hukusanyika kwanza, ndipo mtu mzima mmoja aseme. Basi asubuhi moja nilipopigiwa simu kutoka Tanga kwamba mjomba amefariki, kaka pekee aliyembakia mama, nilifanya nilivyolelewa. Nilichukua simu ya mama nikaizima, nikamwambia naichaji. Mke wangu akawapigia kina mama Waswahili wenzetu wanaoishi mji wa Springfield waje. Kazi yangu mimi ilikuwa kumshikilia mama pale mezani mpaka wafike.

"Leo hufundishi?" akauliza.

"Leo nakusomea wewe."

Nilisoma vibaya, nikitafsiri nusunusu. Mama alichambua mchele wake, na kila niliponyamaza alisema, "Halafu?" Sura ikaisha. Akaniambia niendelee na nyingine. Nilimpenda sana saa ile, na nilimwogopa.

Kengele ya mlango ikalia. Wakaingia kina mama wamejitanda khanga juu ya majaketi, chupa za chai mikononi, mmoja bado yumo ndani ya sare yake ya hospitali. Mkubwa wao, mtu wa Mombasa, akaketi karibu na mama akamshika mkono.

"Dada, twataka kukwambia neno."

Mama akaufunika mchele kwa upande wa khanga yake. "Ni kaka yangu," akasema. Kisha akanigeukia. "Nilijua tangu uliponichukulia simu, baba. Ungenizimia simu kwa lipi lingine?"

"Mbona uliniacha nisome?"

"Nilitaka awe hai kidogo. Maadamu unasoma, hakuna aliyesema."

Nikaanza kulia mimi, mwalimu wa mashujaa wasiosema. Kina mama wote walikuwa wamemzunguka yeye, lakini yeye aliinyoosha mikono yake yenye vumbi la mchele, akanivuta kifuani akinipigapiga mgongo. "Pole, baba," alikuwa akiniambia. "Pole, mwanangu, pole."