Hodi ya Tatu

Kwetu Mji wa Kale hodi ni tatu. Usipoitikiwa, warudi zako. Miaka ile ya tisini mimi nilikuwa siitikii mpaka sakafu ing'are na mito ikae sawa. Siku moja shangazi yangu alitoka Makupa kwa miguu, akapiga hodi zake tatu nami nimeinama napiga deki. Nilipofungua, nilikuta barazani sahani ya vitumbua vingali moto, mwenyewe hayupo.

Alipokuja tena niliitikia hodi ya kwanza, ufagio mkononi. Aliliruka rundo la taka, akaketi. Nikaliacha pale pale, nikammiminia chai.

"Siku ile ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nilikuwa humu humu, shangazi. Nakusafishia nyumba."