Sahihi Yangu Chini ya Kazi ya Deusi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikitaka kutulia hunijia na kuniinua kitini. Juzi uliponiambia kwamba kazini wamekupa jukumu la kukagua mabadiliko ya programu wanayoandika wenzako, kabla hayajaingia kwenye mashine, nilikupongeza kwa mdomo, lakini moyo haukukaa. Leo asubuhi yote nimezunguka shambani, nimepogoa migomba ambayo haikuhitaji kupogolewa, na mama yako amenifukuza jikoni mara mbili. Bora niseme yaishe. Ukiona naruka kutoka jambo hili hadi lile, nivumilie. Miguu imezeeka, papara haijazeeka.

Ilikuwa miaka ya tisini, Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Nilikuwa fundi kijana katika karakana ya hospitali moja ya misheni, si mbali na Omurushaka. Zahanati za vijijini ziliongea na hospitali kwa redio, na redio zote zilipitia kituo kimoja juu ya kilima. Ndani ya kituo mlikuwa na kadi yenye kichakata kidogo, ubongo wa mashine, kilichoongoza kazi yote: kupokea sauti, kuirusha mbele, na kuweka kumbukumbu ya nani kaongea na nani. Kituo kikinyamaza, nesi wa zahanati ya Nyakatuntu mwenye mama anayetokwa damu hana njia ya kuita gari. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, usije ukadhani sikulijua.

Sasa kichakata nacho hupigwa na butwaa. Hushika jambo moja kikaganda hapo hapo. Kwa sababu hiyo pembeni yake palikuwa na saa ya ulinzi, sisi tukiiita mlinzi. Programu ilitakiwa kumbishia mlinzi hodi kila mara, kumwambia nipo, kazi inaendelea. Sekunde mbili zikipita bila hodi, mlinzi anaizima programu na kuiwasha upya, na kituo kinarudi kazini bila mtu kupanda kilima. Kazi ndogo, lakini wakati mwingine ndiyo iliyoamua mtu afike hospitali au asifike.

Tatizo likaanza. Kituo kikawa kinajizima katikati ya mazungumzo, daktari anataja kipimo cha dawa, mara kimya. Tukagundua kwamba wakati wa kuweka kumbukumbu programu ilichelewa kubisha hodi, na mlinzi akaichukulia kuwa imeganda. Mwenzangu Deusi, tuliyesoma naye na kula naye sahani moja, akakaa siku nne akaandika upya ile sehemu ya programu inayomhudumia mlinzi. Akaiweka kwenye kadi ya akiba, akaiwasha mezani wiki nzima. Haikujizima hata mara moja.

Sheria ya karakana ilikuwa moja: aliyeandika hakagui, na aliyekagua anatia sahihi. Karatasi za Deusi, zenye programu yake mpya, zikaja kwangu.

Niseme ukweli, maana ndio unaonichoma. Nilizipekua. Niliona kwamba hodi ameitoa kwenye kazi yenyewe na kuihamishia kwenye kengele ya ndani ya kichakata, ile inayolia mara mia kwa sekunde bila kujali nini kinaendelea kwingine. Kitu kikanikuna. Nikataka kuuliza. Lakini Deusi alikuwa amesimama mbele yangu anatabasamu, macho mekundu kwa kazi, akasema, "Kaka, mimi mwenyewe nimeijaribu wiki nzima. Unataka nini tena?"

Wewe umekulia mjini, huenda hujaona vizuri jinsi rubisi, pombe yetu ya ndizi, inavyokaribishwa kwetu. Mwenye pombe hakupi kibuyu hivi hivi. Huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi. Akishaonja, mgeni hanusi wala hachungulii ndani, maana kufanya hivyo ni kumtukana mwenyeji. Mimi nililelewa katika adabu hiyo, na siku ile nikaipeleka pasipo mahali pake. Nikajiambia, Deusi kaonja mbele yangu, nitaanzaje kunusa? Nikatia sahihi, kadi ikapandishwa kilimani. Kuuliza si ujinga, nilifundishwa tangu darasa la kwanza, nami nikaona haya kuuliza swali moja.

Majuma matatu kituo hakikujizima. Daktari akatusifu, Deusi akatembea kifua mbele, na mimi nikakubali sehemu yangu ya sifa bila aibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu.

Siku ya mshindo ilikuwa Alhamisi. Asubuhi nesi wa Nyakatuntu aliita hospitali, hakujibiwa. Akaita tena na tena. Alikuwa na mama mmoja, Imakulata, uchungu umemkaba tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya. Mumewe, Bosko, mtu wa asili ya Burundi aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa, akaanza kukusanya majirani. Wakambeba Imakulata kwa machela hadi barabarani, wakasimamisha lori la ndizi, wakafika hospitali saa tisa alasiri. Mama alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona. Daktari alisema gari lingetoka asubuhi ile, angemkuta hai.

Mkuu wetu wa karakana alikuwa Mzee Rutta, mtu wa maneno machache na mwendo wa polepole uliokuwa ukinikera. Kesho yake alinipakia kwenye pikipiki tukapanda kilimani. Nikafungua kasha. Umeme upo. Taa ndogo nyekundu ya mlinzi inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, hodi zinaingia vizuri kabisa. Na redio imekufa. Nilisimama pale nikaelewa yote kwa mara moja. Programu ilikuwa imeganda tangu asubuhi ya jana. Ila ile kengele ya ndani, isiyojua lolote kuhusu kazi, iliendelea kubisha hodi, na mlinzi akaendelea kuamini kwamba nyumbani kuna mtu.

Kumbe ndiyo maana kadi haikujizima mezani kwa wiki nzima. Hata ingeganda, isingejizima.

"Mzee, Deusi alionja mwenyewe," nikasema. Nilisema hivyo hasa, mpumbavu mimi.

Mzee Rutta akainama kuitazama ile taa. "Anayeonja anakuonyesha kwamba hana nia ya kukuua," akasema. "Hajakuambia kwamba pombe imeiva. Deusi alikupa moyo wake, wewe ulitakiwa kumpa macho yako. Iwashe upya, funga kasha, twende Nyakatuntu."

Sikutaka kwenda. Njiani nilitafuta kila sababu: mvua, mafuta, betri ya kituo. Mzee akaendelea kuendesha. Tukamkuta Bosko nje ya kibanda chake, anapalilia kipande cha maharage, jembe linapanda na kushuka bila kupumzika. Alituletea kigoda na kahawa ya kutafuna, kana kwamba tumemletea habari njema. Mimi sikuweza kukaa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Poleni na safari, wazee wangu," akasema. "Naomba kuuliza. Ile mashine ya kilimani ilikuwa imezimika?"

"Hapana," nikajibu. "Ilikuwa inawaka."

"Kama ilikuwa inawaka, mbona haikumsikia nesi?"

Nikamwambia kulikuwa na kosa kwenye maandishi yanayoiongoza, fundi mmoja alikosea kuandika na mwingine hakuangalia vizuri. Fundi mmoja. Mwingine. Nilisema hivyo huku nimetia kahawa yake mdomoni. Bosko akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwamba tumekuja, akarudi kwenye jembe.

Tulipofika kwenye migomba ya jirani, Mzee Rutta akasimamisha pikipiki akazima injini.

"Huyo mwingine hana jina?" akauliza.

Nikageuka kutazama tulikotoka.

"Nitakusubiri hapa," akasema, akaketi kwenye ukingo wa shamba.

Mwanangu, zilikuwa hatua labda mia mbili. Nimetembea kwenda Murongo kwa mguu na kurudi, sijawahi kuchoka vile. Niligeuka mara mbili nikitumaini mzee ataniita. Hakuniita. Nikasimama pembeni ya maharage nikasema, "Bosko, yule ambaye hakuangalia ni mimi. Nililetewa karatasi, nikaona kitu, nikaona haya kuuliza, nikatia sahihi."

Jembe likasimama. Nilidhani atanipiga, na kusema kweli nilitamani anipige.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa sijui nimkasirikie nani. Nilikuwa namkasirikia nesi, namkasirikia mke wangu. Kaa chini."

Nikakaa kwenye udongo. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuomba. Akaendelea kulima, nami nikaanza kung'oa magugu kwa mikono nyuma yake hadi mstari ukaisha.

Juma lililofuata mimi na Deusi tuliandika upya. Safari hii kila kazi, ya kupokea, ya kurusha na ya kumbukumbu, iliacha alama yake ilipokamilika, na hodi ilibishwa pale tu alama zote tatu zilipokuwepo. Kisha nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo: nikaigandisha programu kwa makusudi, kazi moja baada ya nyingine, nione kama mlinzi ataamka. Deusi alikasirika nilipoharibu kazi yake mara ya tano. Akanuna siku mbili, halafu akanisaidia kuiharibu mara ya sita. Bado ni rafiki yangu.

Basi nasaha yangu ni hii. Mwenzako akikuletea kazi akasema ameijaribu, msadiki, kisha ikague kana kwamba hukumsikia. Usiulize tu kama inafanya kazi. Uliza itakuwaje siku itakaposhindwa, na nani atajua. Malalamiko yakikoma ghafla, ulizia yalikoma kwa nini. Kitu kikikukuna moyoni, kikune hadharani, hata kama rafiki amesimama mbele yako anatabasamu, maana aibu ya swali huisha kabla ya chai, na majuto ni mjukuu. Na ukishatia sahihi, kosa hilo ni lako pia. Usilitafutie mtu mwingine.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yasiyoona haya na mkono usiokimbilia kalamu. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, akupe miguu ya kurudi hadi mlangoni kwa mtu uliyemkosea, na sauti ya kutaja jina lako.