Kiti cha Ngozi

Leo nimepita Kizota nikamkuta fundi akiwamba ngozi ya ng'ombe kwenye kiti, na harufu yake ikanigandisha pale pale barabarani.

Kwetu kiti kilikuwa kimoja tu, cha baba. Sisi wengine tulikaa chini. Jioni moja mwalimu aliyelea klabu yetu ya wasichana alikuja nyumbani. Baba akainuka, akamsogezea kiti.

"Karibu mwalimu. Kaa."

"Asante, baba. Lakini leo wasichana wamemchagua huyu awe mwenyekiti wao," alisema bila kukaa, akinishika bega. "Mwenyekiti si ndiye mwenye kiti?"

Mama akaacha kusonga ugali, mwiko ukabaki umesimama chunguni. Mwenyekiti niliyemjua mimi alikuwa mzee wa kijiji mwenye koti na fimbo, na nilijua mgeni akishaondoka nitachapwa.

Baba alinitazama kama mtu aliyeletewa mtoto si wake kwa makosa. Halafu akainama, akafuta vumbi kwenye ngozi kwa kiganja chake.

"Haya, mwenyekiti," alisema, wala hakucheka. "Kaa."

Nikakaa. Ngozi ilikuwa bado na joto la baba.