Ukurasa Uliotoka kwenye Daftari Langu

Mkono wa mtu ulikuwa chini ya pasi yangu. Niliuona wazi: vidole vitano, kucha fupi, umelala juu ya gauni la maua kama umechoka. Pasi ya makaa ilikuwa juu yake na moshi ulikuwa unapanda. Nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili, Mkamba mmoja tuliyepiga naye pasi soko la Gikomba miaka mingi, "Dada, mwambie huyu mama atoe mkono wake. Ataungua."

Akanitazama. Hakucheka, na yeye ni mtu wa kucheka. "Mama gani?" Halafu akaninyang'anya pasi, akaanza kulia. Mimi nikawa namshangaa, analia nini. Mkono ulikuwa wangu, wa kushoto, na sikusikia moto hata kidogo. Nikaona soko upande huo limeisha, kama mtu amelikunja na kuondoka nalo. Nikaanguka.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeenda zahanati ya mtaani kwetu, Dandora. Nilikuwa naanika nguo asubuhi, kichwa kikapigwa kama kwa nyundo. Hakikuanza polepole. Mara moja tu. Shingo ikakauka, nikatapika, nikaanza kunusa nguo ikiungua pale kwenye kamba, nazo nguo zenyewe zilikuwa zinadondosha maji.

Zahanati yetu haikuwekei faili. Unanunua daftari la shule, daktari anaandika humo shida yako na dawa, unarudi nalo nyumbani. Langu lilikuwa la kurasa thelathini na mbili, binti yangu alikuwa amelivalisha karatasi ya kaki kama la mtoto wa darasa la kwanza.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamume mrefu mwenye saa kubwa ya mkanda wa kijani. Nilimweleza yote, na yote akaandika, hapo sitamsingizia. Niliona kalamu ikijaza karatasi mbele na nyuma. Nilipofika kwa ile harufu akacheka.

"Sasa mathe, si wewe unapiga pasi? Ulitaka unuse nini, marashi?"

Na mimi nikacheka, kwa sababu mtu mwenye dawa akicheka unacheka naye. Hakunigusa shingo. Hakunituma kupigwa picha ya kichwa. Akanipa dawa za maumivu, akasema nipunguze mawazo.

Hospitali kubwa walinipasua kichwa. Daktari wa huko aliniambia mshipa ulianza kuvuja ile siku ya kamba, halafu ndio ukapasuka, na kwamba ningeangaliwa vizuri mara ya kwanza pengine mkono ungepona. Mkono ninao, lakini si wangu. Nikinywa chai unapanda mezani peke yake, unashika kikombe, unakataa kuachilia. Binti yangu huukunjua kidole kimoja kimoja. "Achilia basi," anauambia, "mama anataka kunywa." Anaongea na huo mkono, haongei na mimi.

Wakili anayesaidia watu wa hali yetu alitaka daftari ligongwe muhuri na zahanati kabla ya kwenda kortini. Binti akalipeleka. Mama wa rekodi, yule wa dirisha la pili, akamwambia, "Liache hapa, uje Ijumaa." Ijumaa akapewa daftari lenye muhuri, pamoja na barua ya mkubwa wao inayosema siku hiyo sikuonekana pale. Tukafungua. Kweli, baada ya kikohozi cha mwaka uliotangulia, kurasa zote zilikuwa nyeupe.

"Mum," binti akasema polepole, "labda ulienda kwingine? Labda ni kichwa?"

Hapo niliogopa kuliko siku ya pasi. Nikaanza kuona huenda sikuenda. Huenda hata ile saa ya kijani niliiota. Wiki nzima nilimtazama mtoto wangu akinitazama, na harufu ya nguo inayoungua ikarudi ikakaa na sisi chumbani, pasi ikiwa baridi chini ya kitanda.

Halafu siku moja nikalishika daftari kwa mkono mzima, nikalitikisa tu kwa hasira. Karatasi moja tupu ikatoka nyuma, ikateleza hadi miguuni pangu.

Shule niliachia darasa la sita, lakini hilo nalijua, nilichapwa shuleni kwa kung'oa karatasi. Daftari limebanwa kwa pini katikati, na kila karatasi ya mbele imeungana na mwenzake wa nyuma. Uking'oa ya mbele, ya nyuma itakaa siku mbili tatu, halafu itaanguka. Tulihesabu mimi na binti. Pamoja na hiyo iliyoanguka, kurasa thelathini. Jalada linasema thelathini na mbili. Binti yangu akaketi sakafuni, akaniomba msamaha.

Wakili anasema karatasi tupu haina maneno kortini. Sawa. Basi na wenye maneno waseme.

Wewe wa saa ya kijani, wewe mama wa dirisha la pili, na wewe mkubwa uliyetia sahihi: karatasi ya nyuma nimeiweka ndani ya Biblia. Ya mbele iko wapi? Ni nani kati yenu aliyeing'oa? Njooni mjibu mbele ya hakimu, na mkifika mkae upande wangu wa kulia, ule ninaoona.