Mibonyezo Mitatu ya Saa Nne

Fundi cherehani yule mtaa mzima ulimwita Sajini, maana akishasema lake, basi. Kaka yake, mlinzi wa msitu, alikuwa amepotea doriani na redio yake ya mawasiliano begani. Pacha wa redio hiyo alikaa juu ya kabati la Sajini, akila umeme wa betri ya gari. Kila saa nne asubuhi aliacha kushona, akavaa visikizi, akangoja. Walikuwa wamekubaliana: betri ya kaka ikidhoofika, asiseme kitu, abonyeze tu kitufe mara tatu, dada ajue yu mzima.

Miezi kumi, kimya. Wifi yake, mke wa kaka, akaanza kutaja matanga. Kesho yake, saa nne kamili: krr. Krr. Krr.

"Matanga ya nani?" Sajini akafoka. "Mtu yu hai unataka kumlilia?"

Wifi akameza kilio chake. Kila siku krr ikaja, kila siku Sajini akaita, "Uko wapi, kaka?" Hajibiwi. Mwezi wa pili wifi akachoka, akamleta fundi umeme.

"Mama, hizo ni mita mpya tulizofunga mwezi juzi," fundi alisema. "Kila saa nne zinatuma hesabu ofisini, mara tatu, kupitia waya huuhuu wa umeme. Sauti inavuja, redio inaidaka."

"Mita nazo zina mdomo?"

"Kukushinda wewe, mama."

"Haya, zizibe huo mdomo nisikie."

Asubuhi iliyofuata fundi alipanda nguzo, akazima mtaa mzima.

"Sajini!" kinyozi wa jirani akapiga kelele. "Nina mtu hapa kanyolewa upande mmoja!"

Sajini alibana kisikizi kimoja sikioni mwake, cha pili akampa wifi.

Saa nne. Hakuna. Hata ule mvumo wa siku zote haukuwepo. Kimya kilikuwa kikubwa kama nyumba iliyohamwa. Dakika tano. Kumi.

Wifi akaachia kisikizi, akaketi sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, akalia kilio cha mwaka mzima. Mtaani hapakuwa na feni wala mashine iliyozunguka, kila mtu akamsikia.

"Mama, niwashe?" fundi akauliza kutoka juu.

Sajini akatoa kichwa dirishani.

"Acha kwanza. Nimemnyima kulia miezi miwili."

Akarudi kusimama karibu na wifi yake, mkono begani mwake. Kisikizi chake hakukitoa sikioni.