Trekta Isiyo na Klachi Ilivyoingia Jikoni Kwangu

"Nilikwambia achia."

"Niachie chombo kinachotembea? Mimi?"

Hao ni majirani zangu wawili, wanabishana uani kwangu. Katikati yao kuna trekta ndogo ya bluu. Nusu ya mbele iko nje, nusu ya nyuma iko jikoni.

Sufuria bado ilikuwa inachemka. Mashine ya kukatia nyasi iliyofungwa nyuma ya trekta ilikuwa imesimama karibu na kabati la vyombo, imetulia kama mgeni anayesubiri kuonyeshwa kiti.

Mimi nilikuwa uani na mwiko mkononi. Hakuna aliyeniuliza lolote. Walichokuwa wanabishania ni kama trekta ya pili, ile nyekundu ya mmoja wao, nayo ingeubomoa ukuta wa jiko, au ingeishia kuupasua tu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkadhani nakaa na vichaa.

Kushoto kwangu anakaa shemeji, mume wa dada yangu. Tunamwita Dereva, maana ameendesha mabasi mpaka kustaafu. Kulia anakaa Fundi, anayeshona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga. Katikati niko mimi, na kiwanja chenye nyasi zinazofika kiunoni.

Mimi ni mtu wa watu. Nyumba ikikaa kimya, naumwa kichwa. Hawa wawili kila mwisho wa wiki walikuwa wanakula kwangu, wanataniana, umbea unatembea, roho yangu kwatu.

Mpaka kila mmoja aliponunua trekta ndogo ya kuhudumia shamba lake la nyumbani.

Dereva alinunua nyekundu. Ina gia na klachi, na mkono wa gia unaokoroma ukiukosea.

Fundi alinunua bluu, ya kampuni nyingine. Hiyo haina klachi. Ina pedali moja chini ya mguu wa kulia: ukiikanyaga kwa vidole inakwenda mbele, ukiikanyaga kwa kisigino inarudi nyuma. Ukiiachia, inasimama yenyewe.

Dereva aliizunguka mara moja tu, akasema mbele za watu, "Hii si trekta. Hii ni cherehani yenye magurudumu."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, sitaki kusema uongo.

Kesho yake Fundi alinirudishia bakuli langu likiwa tupu, limeoshwa. Wanaojua wanajua: bakuli la jirani halirudi bila kitu ndani, ila kwa aliyenuna. Toka hapo, akiona viatu vya Dereva mlangoni kwangu, anageuza njia.

Sasa ikafika zamu yangu ya kununua.

Wakaanza kuja kunihubiria, mmoja akitoka mwingine anaingia. Dereva akasema kwenye mteremko hakuna kama gia: unaweka gia nzito, trekta inashuka kwa adabu, na ikiharibika makanika yeyote anaifungua. Fundi akasema kazi ya nyumbani ni kwenda mbele na kurudi nyuma, kuzunguka miti, kubeba samadi kwa ndoo ya mbele, na kwamba mwenye klachi atakuwa bado anatafuta gia wakati mwenzake ameshamaliza na kuoga.

Wote walikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa hapo.

Nikinunua nyekundu, Fundi hatakanyaga kwangu tena. Nikinunua bluu, shemeji atasusa, na akisusa anasusa na dada yangu. Wenzangu huchagua trekta. Mimi nilikuwa nachagua nani asile kwangu.

Ndipo nikawaambia: njooni kiwanjani, kila mtu aendeshe ya mwenzake, mimi nitaangalia. Nilijua watakataa. Wakakubali, maana kila mmoja alitaka kuiaibisha ya mwenzake.

Fundi akaanza na nyekundu. Ikamzimikia. Akaiwasha, ikaruka kama chura, ikazima tena. Dereva alikuwa anachekea ndani ya kola ya shati. Lakini ilipokubali, ilikubali. Fundi akaweka gia, akanyoosha miguu, akakata nyasi mstari kwa mstari. Tulipomwambia basi inatosha, alizunguka tena.

Ikaja zamu ya Dereva.

Kwenda mbele hakuwa na neno. Anapiga mluzi, mkono mmoja kwenye usukani, anatuangalia kama abiria tuliochelewa. Akamaliza kiwanja chote, akazima mashine ya kukatia. Akafika karibu na jiko, ikabidi arudi nyuma kidogo.

Akagusa kwa kisigino. Trekta ikarudi kwa kasi ambayo hakuitegemea.

Hapo miguu yake ikakumbuka basi. Wa kushoto ukashuka kutafuta klachi, ukakuta hewa. Wa kulia ukashuka kutafuta breki, ukakuta pedali. Kwa kisigino.

Kadiri ilivyorudi ndivyo alivyofunga breki. Kadiri alivyofunga breki ndivyo ilivyorudi.

Ukuta haukubisha sana. Injini ikazimika hapo hapo.

Ndipo ikaanza ile ya "nilikwambia achia". Dada yangu akatokea mbio, khanga begani, akamuuliza mumewe kama ameumia. Dereva hakushuka. Alikuwa ameinamia goti lake la kushoto, analikunja, analinyoosha, analikunja.

"Haliumi," akasema.

"Nini?" Fundi akauliza.

"Goti. Nimezunguka kiwanja kizima, na haliumi."

Dada yangu akashusha pumzi, akayatoa yote. Kumbe klachi za mabasi zilishalimaliza lile goti zamani. Kumbe kila akikata nyasi na ile nyekundu yake, usiku anakandwa na maji ya moto, na dada ameapishwa asimwambie mtu.

Mimi, ninayejua nani kapika nini mtaa mzima, sikujua hilo. Liliniuma kuliko ukuta.

Fundi akakaa kwenye tofali, taratibu. Akavua kiatu cha kulia. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama kiazi.

Akasema wiki nzima anakanyaga cherehani, halafu siku ya kupumzika anakuja kukanyaga tena, maana ile bluu ukitoa mguu tu imesimama. Akasema leo, kwenye nyekundu, ndiyo mara ya kwanza mguu wake umekaa bure huku kazi inakwenda.

"Sasa uliinunulia nini?" Dereva akamuuliza.

"Mguu uliizoea siku ile ile. Na wewe?"

Dereva akatazama usukani. "Ilikuwa kama basi."

Walikuja kubadilishana matrekta baadaye. Hakuna aliyelitamka neno kubadilishana; Dereva alisema tu atabaki na ile bluu kidogo aichunguze kasoro zake, bado anazichunguza. Mimi sikununua yoyote. Nyasi zangu zinakatwa na zote mbili.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akiambiwa achague, huchagua anachokijua, hata kama ndicho kilichomla mwili. Kisha hukitetea mbele za watu mchana kutwa, na usiku hulala na maumivu yake. Kabla hujauliza chombo gani ni kizuri, uliza mwili wako umechoka wapi.

Siku ile nilipakua nilichookoa jikoni, vumbi kidogo juu yake. Dada akanawa, Dereva akanawa, wakakaa.

Fundi alibaki nje, kiatu mkononi, anasema ana sare za kumalizia. Nikafungua mdomo nimbembeleze.

Shemeji akaniwahi.

"Fundi, ingia tule," akasema, akaonyesha tundu la ukutani kwa kidole. "Pita hapo. Nimeshakufungulia."